Ngalawa nayo ina njano

Shabiki wa soka anaijua kadi ya njano. Kwenye resi za matanga ni bendera: mwamuzi anapiga kipenga, anakunyooshea, unazungusha chombo mara mbili huku wenzako wanatokomea.

Kanuni ya 42 ya mchezo huo inataka chombo kiende kwa upepo na maji tu. Kupepea tanga, kuyumbisha chombo makusudi, kupiga usukani kama kasia: faulo. Kuvuta demani mara moja ili upande wimbi, ruksa. Mara ya pili kwa wimbi lilelile? Njano hiyo!

Vijana wa Kizimkazi upepo wanaujua tangu wadogo, lakini mpaka huo nani kawaonyesha? Waandaaji wa resi za ngalawa za tamasha wapeleke mwamuzi na bendera yake mazoezini, wiki kadhaa kabla. Wakosee huko.