Cheti cha Ndoa Hakitoshi: Karatasi Mbili Ambazo Wanandoa Wanazihitaji

Wengi tunadhani ukishaoa au kuolewa, cha mume ni cha mke na cha mke ni cha mume. Nyumbani ni sawa. Lakini benki na ofisi ya ardhi huangalia kitu kimoja tu: jina la nani liko kwenye hati?

Chukua mume aliyeenda Qatar kikazi. Ploti ina jina lake na mnunuzi amepatikana. Mke akienda kuiuza na cheti cha ndoa mkononi, atarudishwa. Sahihi inayotakiwa ni ya mume.

Hapo ndipo hati ya uwakilishi inasaidia. Ni karatasi inayompa mwenzako mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yako. Unaweza kuiwekea mipaka, mathalani ploti hii tu. Ikihusu ardhi, lazima isajiliwe.

Ila ina mwisho. Mwenye kuitoa akifa, hati nayo imekufa. Hata akipoteza uwezo wa akili, kwa kawaida nguvu yake hukatika, na familia hulazimika kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali yake. Kwa hiyo karo na kodi ya nyumba zisitegemee akaunti ya mtu mmoja. Fungueni ya pamoja, ambayo kila mmoja anaweza kutoa pesa peke yake.

Baada ya kifo, kinachosema ni wosia. Bila huo, Sheria ya Urithi ya Kenya inakugawia. Mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali nyingine huitumia maisha yake yote, lakini kuuza ardhi kunahitaji idhini ya mahakama. Wajane wengi hulijua hili wakati shida imeshabisha hodi.

Na usijidanganye kwamba unajua PIN ya M-Pesa ya marehemu. Kifungu cha 45 kinasema kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa: faini hadi Sh10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Waziri wa zamani Mbiyu Koinange alifariki 1981 bila wosia. Familia yake ilivutana mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Wewe huna mashamba kama yake, lakini hata ploti ya futi 50 kwa 100 inatosha kugombanisha ndugu.

Kuandika wosia si kujiitia kifo. Unatia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na wasiwe watu unaowaachia mali. Taja msimamizi. Usimruke mke, mume au mtoto anayekutegemea, maana anaweza kwenda kortini kudai fungu. Kama uliandika kabla ya kuoa, angalia upya: kwa kawaida ndoa hufuta wosia wa zamani. Kwa Waislamu, wasia hauzidi theluthi moja ya mali. Iliyobaki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu.

Leo usiku watoto wakilala, kaeni wawili. Andikeni kila mali na jina lililo kwenye hati yake. Mkishajua nini kina jina la nani, hapo ndipo mtafute wakili.