Vocha ya Nyumba Isikataliwe kwa Kisingizio cha Mkataba

Kaya zaidi ya milioni 2 nchini Marekani hulipa kodi kwa msaada wa vocha ya serikali, ile maarufu kama Section 8, iliyotokana na sheria ya mwaka 1974. Wenye nyumba wengi huikataa, na husingizia mkataba wake. Basi tuufungue huo mkataba.

Mpangaji na mwenye nyumba hutia saini mkataba wao wa upangaji, kwa kawaida wa mwaka mmoja kwa kuanzia. Mwenye nyumba hutia saini mwingine na mamlaka ya nyumba ya eneo lake, unaohusu malipo. Juu ya hayo kuna kiambatisho cha serikali kuu, na kikipingana na mkataba wa mwenye nyumba, kiambatisho ndicho hushinda. Hapo ndipo wengi hukereka.

Lakini kinasema nini? Tuseme kodi ni dola 1,500, na kipato cha familia baada ya makato yanayoruhusiwa ni dola 2,000 kwa mwezi. Familia hutoa takriban asilimia 30, yaani dola 600; mamlaka humlipa mwenye nyumba 900 moja kwa moja. Kiambatisho kinamkataza kudai hata dola 50 za pembeni. Mamlaka ikichelewa kulipa, hawezi kumfukuza mpangaji kwa deni lisilo lake. Sioni dhuluma hapo. Bado ana haki ya kuchunguza rekodi ya mpangaji kabla ya kumpokea, kutoza dhamana, na kwenda mahakamani mali yake ikiharibiwa.

Lalamiko la ukaguzi ndilo lenye uzito. Kwa kawaida malipo hayaanzi mpaka nyumba ikaguliwe na kupita, na mkaguzi akichelewa, nyumba hukaa tupu huku mkopo wa benki ukidai. Mwenye nyumba mdogo huumia kweli. Dawa yake ni kuongeza wakaguzi, wala si kumfungia mlango mama mwenye watoto ambaye huenda amepewa siku 60 tu za kutafuta nyumba.

Sheria ya haki ya makazi ya 1968 haitaji chanzo cha kipato, kama vile vocha, hivyo kila jimbo lina lake. California ilipiga marufuku kukataa vocha kuanzia Januari 2020. Texas imeizuia miji yake isiwalinde hivyo wapangaji wa kawaida. Utafiti wa Urban Institute wa 2018 ulikuta asilimia 78 ya wenye nyumba wakikataa vocha mjini Fort Worth, Texas, na 15 tu Washington, DC, ambako sheria inakataza. Ila Philadelphia nayo ilikuwa na sheria, na bado asilimia 67 walikataa. Sheria bila usimamizi haimpi mtu nyumba.

Kwa hiyo Bunge la Marekani liingize chanzo cha kipato katika sheria ya 1968, na litoe fedha za kuisimamia. Nawe msomaji uliyeko huko na vocha yako, uwe umetoka Kongo, Burundi au kwingineko: ukidaiwa pesa ya pembeni, usitoe. Nenda ukaripoti kwenye mamlaka ya nyumba.