Hitilafu isiyoonekana gereji: Waranti ya lori inamlinda nani?

WASAFIRISHAJI wa mizigo katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma wanaijua vizuri hadithi hii. Lori ambalo bado limo ndani ya kipindi cha waranti linapanda mlima Kitonga likiwa na shehena kamili. Ghafla taa ya manjano inawaka mbele ya dereva, injini inapungua nguvu, na gari linatambaa kama mgonjwa aliyetoka wodini jana. Dereva anaegesha, anazima, anasubiri robo saa, kisha anawasha tena. Taa imezimika na nguvu zimerudi. Siku kadhaa baadaye lori hilo liko kwa wakala jijini Dar es Salaam, halina mzigo, injini imepoa, na fundi anaandika kwenye karatasi ya kazi maneno mawili: hitilafu haikuonekana.

Maneno hayo mawili yana thamani ya fedha. Kwa wakala, jalada limefungwa. Kwa mmiliki, hasa yule mwenye lori moja au mawili aliyoyapata kwa mkopo wa benki, ndiyo kwanza jalada limefunguliwa. Marejesho ya mwezi hayasubiri, mwenye shehena hataki kusikia habari za taa iliyowaka ikazimika, na lori linarudi barabarani likiwa na ugonjwa ule ule lililokwenda nao.

Na kuna mtu wa tatu ambaye husahaulika katika ugomvi huu, naye ni dereva. Kompyuta ya wakala inaposema gari ni zima, anayebaki kuwa mgonjwa ni yeye. Ataulizwa kwa nini alisimama Kitonga, kwa nini alichelewa Mafinga, kama hakuuza mafuta njiani akaja na kisingizio cha taa. Wapo madereva waliopoteza kazi kwa sababu ya waya uliochubuka, wala hakuna aliyerudi kuwaomba radhi.

Ili kuelewa ugomvi huu unatoka wapi, ni lazima kwanza tutazame kilichobadilika ndani ya magari yenyewe. Lori la miaka ya 1980 liliharibika kwa kelele. Pampu ikifa imekufa, na fundi yeyote wa Chalinze aliweza kuliweka sikio na kutoa hukumu. Lori la leo linaendeshwa kwa vihisio, vile vifaa vidogo ambavyo mafundi wetu huviita sensa, neno linalomfanya asiyehusika adhani kuna zoezi la kuhesabu watu gereji. Kihisio kimoja hupima joto la moshi, kingine mgandamizo wa hewa, kingine mzunguko wa gurudumu kwa ajili ya breki, kingine kiasi cha gesi ya naitrojeni oksaidi inayotoka kwenye bomba.

Idadi ya vifaa hivyo iliongezeka sana baada ya Umoja wa Ulaya kuanza kutekeleza kiwango cha Euro 6 kwa malori, mwaka 2013 kwa aina mpya na mwaka 2014 kwa malori yote mapya. Moshi sasa husafishwa kwa AdBlue, mchanganyiko wa maji safi na asilimia 32.5 ya urea, na kompyuta hutaka kuhakikisha kila wakati kwamba kazi hiyo inafanyika. Kihisio kikitoa taarifa isiyoeleweka, kompyuta haijui kama kilichoharibika ni mtambo au ni mleta habari. Hivyo huchukua tahadhari: hupunguza nguvu za injini.

Si ajabu, basi, kwamba malori mengi mapya ya Kichina yaliyouzwa barani Afrika yamekuwa ya kiwango cha zamani cha Euro 2, yenye pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta. Wanaomcheka mnunuzi wa malori hayo kwamba anapenda vya bei nafuu hawajawahi kukwama Ruaha Mbuyuni usiku. Mtu huyo hununua pia uhakika wa kupata fundi.

Sasa tuje kwenye hitilafu yenyewe. Kihisio chenyewe mara nyingi hakina kosa lolote. Kosa huwa kwenye njia inayokiunganisha na kompyuta: waya uliosuguana na chuma cha fremu hadi ganda likachubuka, pini ya soketi iliyolegea, kutu iliyoingia baada ya mvua, nyuzi za shaba zilizokatika ndani wakati ganda la nje bado ni zima. Vihisio vingi hufanya kazi kwa umeme mdogo wa volti 5, na kulegea kidogo tu kunatosha kupotosha kipimo. Waya wa namna hiyo hukatika joto linapopanda, fremu inapojipinda kwa uzito, na matuta yanapotikisa gari. Gari likipoa, likishusha mzigo, likisimama kwenye sakafu ya saruji, nyuzi hugusana tena.

Kwa maneno mengine, gereji ni mahali pabaya kuliko pote pa kuitafuta hitilafu ya namna hii. Kila kinachoisababisha kimeachwa barabarani. Kumpima mgonjwa wa homa za vipindi wakati homa imeshuka, kisha kumpa cheti cha afya, ni kazi ambayo daktari yeyote angeionea haya.

Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna ushahidi. Malori makubwa mengi duniani huwasiliana ndani kwa utaratibu mmoja unaojulikana kama J1939, uliowekwa na chama cha wahandisi wa magari cha SAE cha nchini Marekani. Katika utaratibu huo, hitilafu huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza hutaja kifaa au kipimo kinachohusika. Ya pili hueleza aina ya tatizo, na katika orodha hiyo namba 2 ina maana ya taarifa zinazoyumba, zinazokatikakatika au zisizo sahihi. Waliobuni utaratibu huu walijua tangu awali kwamba kuna hitilafu zinazokuja na kuondoka, wakazipa namba yake.

Zaidi ya hapo, utaratibu huo una nafasi ya kuhesabu hitilafu imetokea mara ngapi, hadi mara 126, na kumbukumbu ya hitilafu zilizopita hubaki hata taa inapozimika. Kwa baadhi ya hitilafu huhifadhiwa pia hali ya gari wakati tatizo lilipotokea: mwendo, mzunguko wa injini, joto, mzigo wa injini. Lori lililokwama Kitonga mara nne linaweza kuwa limeandika mara nne.

Je, kumbukumbu hiyo inakwenda wapi? Mara nyingi inafutwa, tena na watu wenye nia njema. Siku hizi karibu kila mji mdogo wa barabara kuu una fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Dereva anasimama Makambako, fundi anachomeka kifaa, anabonyeza kitufe cha kufuta, taa inazimika, anapewa chake, na safari inaendelea. Kilichofutwa pale ndicho kielelezo pekee ambacho mmiliki angekipeleka kwa wakala. Na wakala naye asipoichapa kumbukumbu kabla ya kuifuta, hufuta ushahidi wa mteja wake mbele ya macho ya mteja huyo, bila mteja kujua.

Kwa haki, ni lazima tumsikilize wakala pia. Kazi ya waranti hulipwa na mtengenezaji, na mtengenezaji hulipa kwa kipande kilichoharibika, ambacho anaweza kutaka kirudishwe kikapimwe. Fundi akibadilisha kihisio kwa kubahatisha, kisha kikaonekana kizima, wakala anaweza kunyimwa fedha. Saa tatu za kufuatilia waya chini ya fremu ni ngumu kudai kuliko kihisio kimoja chenye namba ya stoo. Kwa hiyo anayeandika kwamba hitilafu haikuonekana si lazima awe mvivu au tapeli. Anafanya kile ambacho utaratibu wa malipo unamfundisha kufanya. Lakini hayo ni mambo kati ya wakala na mtengenezaji, na mnunuzi hakuwahi kukaa katika kikao walichoyapanga.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inamtaka muuzaji anayeshughulika na bidhaa fulani kuhakikisha inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza, pale mnunuzi alipotegemea utaalamu wake. Lori la kubeba mzigo hadi Tunduma linalokosa nguvu njiani kila mara ni vigumu kusema linafaa. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, na kile kijitabu cha waranti chenye maandishi madogo mara nyingi ndicho makubaliano yenyewe. Isitoshe, aliyekwisha kuipokea mali na kuitumia kwa kawaida hupoteza nafasi ya kuirudisha, akabaki na haki ya kudai fidia.

Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo chini yake iliundwa Tume ya Ushindani (FCC) na ambayo inagusa ulinzi wa mlaji. Lakini wakili wa wakala hatakosa kuuliza kama mwenye lori la biashara naye ni mlaji. Wakati mawakili wanajibizana, kipindi cha waranti kinaendelea kuhesabika.

Nchini Marekani gari jipya lenye ugonjwa usiopona huitwa limau, na jimbo la Connecticut lilikuwa la kwanza kulitungia sheria, mwaka 1982. Majimbo mengine yalifuata. Sheria hizo hazimwachii mnunuzi mzigo wote wa kuonyesha hitilafu siku ya ukaguzi. Kwa kawaida huhesabu: tatizo lile lile likishughulikiwa mara kadhaa bila kupona, mara nyingi tatu au nne, au gari likikaa gereji jumla ya siku 30, inachukuliwa kwamba muuzaji amepewa nafasi ya kutosha na ameshindwa. Kila safari ya gereji inakuwa ushahidi. Ni kweli kwamba nyingi ya sheria hizo haziyagusi malori makubwa, na huo ni upungufu wake.

Mjadala wa huko sasa umehamia kwenye swali la nani anashika funguo za kompyuta. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya matrekta ya Deere, ikidai kwamba programu kamili ya kupimia mitambo hiyo hupewa mawakala wake peke yao. Kampuni hiyo ilikana madai. Agosti mwaka huo huo, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji wabadili programu ili lori lisipunguziwe nguvu ghafla kwa sababu ya hitilafu ya mfumo wa urea, bali dereva apewe kwanza onyo na muda wa kufika kwa fundi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika Septemba 2020, unawalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo, malori yakiwemo.

Huku kwetu wapo waliojipatia dawa yao. Kwa ujira wa siku moja, fundi hufunga kifaa kinachoidanganya kompyuta kwamba kila kitu ni shwari, au huziba mfumo wa AdBlue moja kwa moja. Taa haiwaki tena. Moshi mchafu unarudi kwa wakazi wa Mbagala na Kimara, na waranti, ambayo ilikuwa inabishaniwa, sasa imekufa bila ubishi. Sidhani kama inafaa kuwahubiria wamiliki hao kabla ya kujiuliza walikwenda kwa wakala mara ngapi wakarudi mikono mitupu.

Lililo bora, na lisilo na gharama, ni kuanza kutunza kumbukumbu kama mhasibu. Dereva aruhusiwe, tena ahimizwe, kupiga picha ya dashibodi kwa simu taa inapowaka, ionyeshe kilomita na saa, na aandike mahali, mzigo na hali ya hewa. Asiruhusu mtu yeyote kufuta kitu njiani. Kwa wakala, mmiliki adai kumbukumbu ichapwe kabla ya kuguswa, na adai karatasi ya kazi hata kama hakuna kilichofanyika, yenye tarehe na malalamiko yaliyoandikwa kama alivyoyasema dereva. Aombe lori lijaribiwe likiwa na mzigo na kifaa cha kurekodi kikiwa kimefungwa, na waya zitikiswe moja moja injini ikiwa na joto. Mafundi wazuri hufanya hivyo. Wengine huhitaji kuombwa kwa maandishi.

Yanayobaki ni ya mkataba. Hakuna kinachozuia waranti kusema kwamba hitilafu iliyorekodiwa na kompyuta ya gari mara tatu ni hitilafu, iwe imeonekana gereji au la, na kwamba iliyoripotiwa ndani ya kipindi itatibiwa hata kipindi kikiisha. Kipengele cha namna hiyo hakihitaji kwenda Dodoma kwa wabunge. Mnunuzi wa malori 20 anaweza kukataa kutia saini hadi kiandikwe. Mwenye lori moja hana ubavu huo, na kwa niaba yake Chama cha Wamiliki wa Malori Tanzania (TATOA) kingeweza kukipeleka mezani kwa mawakala kabla ya oda nyingine kubwa kutolewa.