Kabla ya Kuripoti Shimo, Tuonyesheni Njia

Wanafunzi wangu watatu waliniletea wazo la mradi wao wa mwisho: programu ya mtandaoni, ya chanzo huria, itakayomwezesha mwendesha baiskeli wa Bomang'ombe kupiga picha ya kasoro aliyokutana nayo barabarani, kuiweka kwenye ramani na kuituma kwa mamlaka husika. Walikwisha kuandaa fomu kwa kufuata mfano wa Ulaya. Mtumiaji alitakiwa kuchagua kasoro ya njia ya baiskeli: shimo, gari lililoegeshwa, rangi iliyofutika, taa iliyoungua. Niliwauliza swali moja tu: kati ya Kwasadala na Bomang'ombe, njia yenyewe ya baiskeli iko wapi? Walitazamana, wakacheka.

Naomba nieleweke vyema. Sipingi programu hiyo, na wanafunzi hao nitawasimamia kwa moyo mmoja. Ninachopinga ni imani iliyoenea katika semina zetu kwamba mwananchi akipewa kitufe cha kubonyeza, basi amepewa sauti. Kitufe kisicho na mtu mwenye wajibu wa kujibu ni lile sanduku la maoni tulilolizoea kwenye korido za ofisi: kufuli lina kutu, na anayeshika ufunguo ndiye anayelalamikiwa.

Tuanze na barabara yenyewe. Barabara kuu ya Moshi–Arusha inaupasua mji wa Bomang'ombe katikati. Juu yake yapo malori, mabasi ya mikoani, magari ya watalii, daladala na bodaboda. Fundi mwashi anayewahi kazini kwa baiskeli hubaki na ukingo wa lami: mchanga upande mmoja, tairi za lori upande wa pili. Akisikia honi, huteremka. Kuteremka huko, mara kadhaa kila asubuhi, ndiyo sera yetu ya usafiri wa baiskeli.

Tutaambiwa kwamba nafasi haipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, na tuliona nyumba za watu zikichorwa alama ya X katika sehemu nyingi za nchi. Serikali iliyoweza kupima mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, haiwezi kushindwa kupima mita 2 ndani ya hifadhi hiyo hiyo kwa ajili ya baiskeli.

Tutaambiwa pia kwamba waendesha baiskeli ni wachache. Hoja hii ni sawa na kufunga zahanati, kisha kusema kijiji hakina wagonjwa kwa kuwa daftari la mahudhurio ni tupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Uchache unaotokana na hofu hauwezi kuwa kigezo cha kunyima usalama.

Sasa turudi kwenye programu. Uingereza ipo FixMyStreet, iliyoanzishwa mwaka 2007 na asasi ya mySociety, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Mwananchi huonyesha kasoro kwenye ramani, nayo taarifa hupelekwa kwa halmashauri inayohusika na kubaki hadharani. Baada ya wiki 4 mleta taarifa huulizwa kama tatizo limetatuliwa. Wengi wetu tunaisifia ramani na kuusahau msingi wake: Sheria ya Barabara Kuu ya huko ya mwaka 1980 inaibebesha mamlaka ya barabara wajibu wa kuitunza. Programu haikuuzaa wajibu huo. Iliukuta, ikauwashia taa.

Hapa nyumbani tunalo somo ambalo halitajwi vya kutosha. Mwanzoni mwa muongo uliopita, asasi ya Daraja iliendesha mradi wa Maji Matone. Mwanakijiji alitakiwa kutuma ujumbe mfupi wa simu kila bomba la maji lilipoharibika, na ujumbe huo ungefikishwa kwa wahandisi wa maji wa wilaya, huku vyombo vya habari vikiongeza msukumo. Lengo la majaribio lilikuwa jumbe 3,000. Zilizopatikana zilikuwa 53. Daraja walikiri hadharani kwamba mradi haukufaulu, wakaufunga. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia, na kwa uungwana huo walitufaa kuliko miradi mingi iliyojisifu. Lakini baadhi yetu tulitoa hitimisho jepesi, eti wananchi hawana utamaduni wa kutoa taarifa. Mimi nasema mwananchi anao utamaduni mwingine, alioupata kwa miaka mingi ya kuambiwa arudi kesho: hapotezi salio lake kumwandikia mtu asiyejibu.

Kwetu, kabla hata ya kujibiwa, kuna fumbo la kujua anayepaswa kujibu. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa na vijiji, tangu 2017, ni za TARURA. Mvua ikishusha mchanga kutoka mtaani hadi kwenye ukingo wa lami, mchanga huo umevuka mpaka wa kiutawala, na mwendesha baiskeli aliyeteleza juu yake hana namna ya kujua ameangukia mikononi mwa nani. Ndugu zangu watumishi wa umma, kumtaka mwananchi atatue fumbo hilo kabla ya kusikilizwa ni kumkatalia bila kutamka neno. Kazi ya kwanza ya programu iwe kulipokea jambo na kulipeleka kunakohusika, bila kumtwisha mlalamikaji mzigo wa kuijua ramani ya ofisi zetu.

Ipo sehemu nchini ambako fomu ya wanafunzi wangu ingetumika hata leo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za baiskeli. Anayepita huko huziona pikipiki na bidhaa za wachuuzi zikiwa zimejipa makazi humo. Simlaumu mchuuzi aliyekosa mahali pa kupanga nyanya zake. Nasema tu kwamba njia iliyozinduliwa bila mlinzi hurudi kuwa kiwanja.

Kwa hiyo nimewapa wanafunzi masharti manne. Kwanza, aina ya kwanza ya kasoro kwenye fomu iwe hii: "Hapa hapana njia." Pili, kila taarifa ibaki hadharani, ikionyesha tarehe, ofisi iliyotumiwa, na jibu lililotolewa au kukosekana kwake. Uhuria wa programu hauishii kwenye msimbo. Mradi wa Ramani Huria, ambao tangu 2015 ulishirikisha wanafunzi wa vyuo kuchora ramani za maeneo ya mafuriko Dar es Salaam, uliweka takwimu zake mahali ambapo yeyote angeweza kuzichukua. Taarifa ikifungiwa kwenye kompyuta ya ofisi moja, tumerudi kwenye sanduku lenye kutu.

Tatu, palipo na kimya, yaandikwe maombi rasmi ya kujua hatua iliyochukuliwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu. Siku hizo zikipita, orodha ichapishwe kwenye karatasi na kupelekwa kwa diwani na kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya watu wanaopiga kura.

Nne, wasiwasubiri wenye simu janja. Wengi wanaopanda baiskeli kwa lazima ndio wasiokuwa na vifurushi vya intaneti. Nendeni kwa fundi baiskeli aliyekaa chini ya mti. Kila rimu iliyopinda anayoinyoosha ni taarifa ya shimo fulani, naye analijua shimo hilo lilipo. Mpeni daftari, kisha ninyi wenye kompyuta ingizeni alichoandika.

Watumishi mtakaosoma haya msiione orodha hiyo kama uadui. Katiba yetu, Ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na kuwajibika huanza na kujibu. Mji wetu unaitwa Bomang'ombe: ng'ombe, angalau, walijengewa boma. Mwendesha baiskeli hajachorewa hata mstari wa rangi. Taarifa ya kwanza nitaituma mimi, na siku 30 nitazihesabu.