Jezi 13 za Octavio Dotel
Safu ya NJE YA CHAKI, na Salma Rajabu

Aprili 7, 2012, Octavio Dotel alirusha mpira kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya Detroit Tigers, na hapo hapo akaingia kwenye vitabu. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kuchezea klabu 13 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mike Morgan, Matt Stairs na Ron Villone walikomea 12.

Mchezaji wa namna hii mashabiki humtilia shaka. Huambiwa hana mapenzi na jezi, au kiwango kimeporomoka na kila kocha anamsukumia mwenzake. Kwa kazi aliyokuwa akiifanya Dotel, safu hii inaona kinyume kabisa: klabu 13 ni ushahidi kwamba alihitajika, na alihitajika pale mambo yalipokuwa mabaya.

Katika besiboli, mrushaji ndiye anayeanzisha kila tukio. Mechi ina vipindi tisa, na ni nadra siku hizi mkono mmoja kuvimaliza vyote. Aliyeanza akichoka, au akianza kupigwa, kocha hupiga simu kule pembeni walikokaa warushaji wa akiba, na mmoja wao huanza kupasha mkono moto. Huenda akakabidhiwa mpira wapinzani wamekwisha kujaa kwenye besi zote tatu, bila yeye kutenda kosa lolote. Mashabiki wa soka watakumbuka robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Louis van Gaal alipomwingiza kipa Tim Krul sekunde za mwisho kabisa dhidi ya Costa Rica kwa ajili ya penalti tu, naye akapangua mbili. Krul alifanya hivyo usiku mmoja na dunia ikamshangilia. Dotel alicheza mechi 758, na ukiondoa 34 alizoanza, zote aliingia katikati ya safari ya mwenzake.

Alizaliwa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, mwaka 1973. New York Mets walimsajili akiwa kijana, wakampandisha kikosi cha kwanza 1999, na msimu ulipokwisha wakampeleka Houston Astros katika mabadilishano ya wachezaji. Houston ndiko alikokomaa. Juni 11, 2003, Astros walikuwa ugenini Yankee Stadium. Mrushaji wao aliyeanza, Roy Oswalt, aliumia kinena kipindi cha pili tu na kutoka. Mechi ya namna hiyo kwa kawaida huwa imeharibika. Pete Munro akaingia, akafuata Kirk Saarloos, kisha Brad Lidge, kisha Dotel, na Billy Wagner akamalizia. Watu sita, na Yankees hawakupata hata pigo moja halali. Walilala 8-0. Aibu ya kumaliza mechi bila pigo ilikuwa haijawapata tangu 1958.

Sehemu ya Dotel usiku ule inastahili kusimuliwa peke yake. Katika kipindi cha nane aliwatoa wapigaji wanne kwa straiki tatu tatu, yaani mipira waliyoshindwa kuipiga. Wanne, ilhali kipindi huisha watatu wakitoka! Mmoja wao alikuwa amekwisha kushindwa na straiki ya tatu, lakini mpira ukamponyoka mdakaji wa Astros, na sheria inamruhusu mpigaji kukimbia katika hali hiyo. Akakimbia, akaiwahi besi ya kwanza. Dotel hakutetereka, akamtoa mwingine. Pamoja na hayo yote, mechi ile haiandikwi kwa jina la mtu mmoja. Mrushaji anayeifanya kazi hiyo peke yake hutajwa maisha yake yote. Hawa sita wamegawana sifa mpaka imekuwa nyembamba.

Mwaka 2004, uliogawanyika kati ya Houston na Oakland, alimaliza mechi 36 huku ushindi wa timu yake ukiwa salama. Mwaka uliofuata kiwiko kikagoma. Alifanyiwa upasuaji unaobeba jina la Tommy John, mrushaji aliyetangulia kufanyiwa na Dakta Frank Jobe mwaka 1974: kano hutolewa sehemu nyingine ya mwili na kupandikizwa kiwikoni. Dotel alirudi Agosti 2006, na kuanzia hapo makazi yake yakawa sanduku la nguo. Yankees, Kansas City, Atlanta, Chicago White Sox. Mwaka 2010 pekee alivaa jezi tatu, za Pittsburgh, Dodgers na Colorado.

Sababu iko sokoni. Mwishoni mwa Julai, timu zilizokata tamaa huuza, na zinazokimbilia ubingwa hununua, na bidhaa inayogombewa sana ni mrushaji wa akiba asiyeogopa. Hakuna anayemnunua mtu wa aina hiyo kwa huruma.

Julai 27, 2011 Toronto walimpeleka St. Louis Cardinals, na katika kundi hilo hilo alikuwamo mrushaji Edwin Jackson, aliyekuwa amewasili Toronto siku ile ile na kuondoka kabla hajavaa jezi. Mwezi mmoja baadaye Cardinals walionekana wamekwisha. Kocha Tony La Russa akaamua kuwategemea warushaji wake wa akiba, Dotel akitumwa hasa dhidi ya wapigaji wanaotumia mkono wa kulia, na Oktoba wakaifunga Texas katika mchezo wa saba wa World Series, fainali ya ligi. Mwaka 2013 alikuwamo pia kwenye kikosi cha Dominika kilichotwaa ubingwa wa dunia kwa kushinda mechi zote nane.

Aprili 8, 2025, paa la ukumbi wa Jet Set liliporomoka Santo Domingo wakati wa onyesho la mwanamuziki wa merengue Rubby Pérez na kuua watu zaidi ya 230, Pérez akiwa miongoni mwao. Dotel alitolewa kwenye kifusi akiwa hai, akafariki njiani kuelekea hospitali. Alikuwa na miaka 51.

Katika kumwomboleza, zile klabu 13 zilitajwa tena na tena, ingawa rekodi hiyo si yake tena. Jackson aliivunja mwaka 2019, alipoivaa hatimaye jezi ya Toronto, klabu yake ya 14. Safu hii ingependa Dotel atajwe kwanza kwa hesabu nyingine: vipindi 951 alivyorusha, na wapigaji 1,143 aliowatoa kwa straiki, zaidi ya mmoja kwa kila kipindi, kwa miaka 15, kabla na baada ya kisu.