Gegedu la Pweza na Suala la Fasili

Mijadala ya istilahi za elimuviumbe aghalabu huishia katika kubuni maneno, ilhali tatizo huwa ni fasili. Chukua neno gegedu. Kulieleza kuwa ni “mfupa laini” kunapotosha hata kwa papa na taa wanaoshushwa Kunduchi, ambao kiunzi chao ni gegedu. Kwa pweza kunapotosha zaidi. Huyu anayechemshiwa supu jioni mitaani Temeke hana mfupa wala uti wa mgongo, lakini ubongo wake umezungukwa na tishu imara yenye kolajeni, na seli zimetawanyika ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba dome, jamaa ya pweza, huijenga tishu hiyo kwa jeni za jamii ileile zitumikazo na wenye uti wa mgongo.

Ni kweli kwamba seli zake zina matawi, mithili ya seli za mfupa. Ndiyo maana wapo wanaopendelea “tishu kama gegedu”. Sioni faida yake: “kama” si fasili. Tuseme gegedu, tukilifasili kwa muundo wala si kwa mwenye nalo. Ila tusiliburute hadi kwenye “mfupa” wa dome, ambao ni kabonati ya kalsiamu.