Tuanze na Wavu Mdogo

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, wako wanaosema kwamba uigaji wa kisayansi kwa kompyuta ni mambo ya chuo kikuu, sisi tungoje. Mimi nakataa. Kazi hiyo yaanza kwa wavu, na wavu watu wa pwani twaujua.

Tuseme wataka kujua maji ya bamvua yaingiavyo hori ya Tudor. Kompyuta haiwezi kuhesabu kila tone. Hori yagawanywa vipande vipande kama matundu ya wavu, kisha hesabu zafanywa kwenye mafundo. Penye mikoko na kona matundu huwa madogo, penye maji mapana makubwa. Yakizidi ukubwa, mkondo mwembamba wapita bila kuonekana, kama dagaa katika jarife. Yakizidi udogo, mashine itahesabu mpaka kesho kutwa.

Hebu jaribuni kwa karatasi. Chora bamba la chuma la mraba, upande mmoja una joto la nyuzi 80, pande tatu nyuzi 20. Weka mafundo tisa ndani, safu tatu za matatu, yote yaanze na 20. Kila fundo lipe wastani wa majirani wake wanne, kisha rudia, rudia tena. Fundo la katikati litapanda polepole kuelekea 35. Ni kujumlisha na kugawanya tu, jamani!

Baada ya hapo ndipo tuwashe mashine. Gmsh, programu ya Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, hutengeneza wavu. OpenFOAM huhesabu mtiririko wa maji, na ParaView huchora matokeo. Zote ni bure, na kwa mifano midogo kompyuta ya kawaida yatosha.

Shida ni kuzielewanisha, na hapa wengi hukwama. Wavu wa Gmsh uhifadhiwe kwa toleo la 2 la faili zake, ambalo programu nyingi zalisoma. Vipimo navyo viandikwe pembeni, kwani faili haisemi kama 5 ni mita au milimita. Msicheke. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni.

Ati sisi yatuhusu nini? Daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa 2021, lilijengwa na kampuni ya Kichina. Maji yale ni yetu. Nani kati yetu angeweza kuzikagua hesabu za mkondo wake?

Chumba cha kompyuta twakitumia kujifunza kuchapa barua, na kuchapa si kubaya. Lakini twaomba Jumamosi mbili kila muhula. Ya kwanza tufanye lile bamba, karatasi kwanza, halafu Gmsh. Hori ya Tudor tuiache mpaka muhula wa tatu.